Imani iliyojengwa kwenye kaunta: kisa cha M-Pesa, 2005 hadi 2009

Desemba 2008, John Michuki, aliyekuwa akikaimu uwaziri wa fedha nchini Kenya, aliagiza M-Pesa, huduma ya kuweka na kutuma pesa kwa simu, ikaguliwe. Huduma yenyewe ilikuwa haijatimiza hata miaka miwili. Wateja walikuwa wanakaribia milioni 5, wengi wao watu ambao hawakuwahi kufungua akaunti ya benki, na pesa zao walikuwa wamezikabidhi kwa kampuni ya simu. Kwa yeyote anayeshika pesa za watu, hakuna habari mbaya kuliko hiyo. Mtu akisikia waziri ana wasiwasi na mahali alipoweka pesa yake, hangoji ufafanuzi. Anakwenda kupanga foleni aitoe, na foleni ikishaonekana, hata asiyekuwa na wasiwasi anajiunga nayo.

Foleni hiyo haikutokea. Watu waliendelea kuweka, kutuma na kutoa kama kawaida, na Januari 2009 Benki Kuu ya Kenya ikatangaza kwamba huduma imekaguliwa na iko salama.

Kisa cha M-Pesa kimezoea kusimuliwa kama hadithi ya teknolojia. Mimi naona teknolojia ndiyo sehemu yake rahisi. Kutuma ujumbe kutoka simu moja hadi nyingine kulikuwa jambo la kawaida miaka mingi kabla. Kilichokuwa kigumu ni kumfanya mama wa mboga atoe noti zake, ampe kijana wa dukani asiyemjua vizuri, kisha aondoke akiwa ameshika simu tu, na usiku alale. Ukifuatilia jinsi jambo hilo lilivyowezekana, unakuta kwamba kila mhusika alipewa njia ya kumkagua mwenzake kwa macho yake mwenyewe, na aliye mkubwa kuliko wote alikubali kufungwa mikono mapema, kabla hajalazimishwa. Hayo ndiyo yaliyoizuia foleni ya Desemba, na yalianza kuwekwa miaka mitatu kabla.

Watu waliokuwa wameshaumwa

Utafiti wa FinAccess wa 2006 ulionyesha kuwa chini ya mtu mzima mmoja kati ya watano nchini Kenya alikuwa na akaunti benki. Waliobaki walikuwa na njia zao. Aliyefanya kazi Nairobi akitaka kupeleka pesa Kisii au Siaya alimpa ndugu anayesafiri, au alimkabidhi dereva au kondakta wa basi bahasha iliyofungwa vizuri, au alipitia Posta. Njia hizo zilifanya kazi kwa sababu zilikuwa na sura ya mtu: dereva unamjua, kituo chake unakijua, na asipofikisha mzigo unajua pa kwenda kusimama. Hata hivyo bahasha zilichelewa, nyingine zilipungua njiani, nyingine hazikufika kabisa.

Juu ya hayo, Wakenya walikuwa na kumbukumbu chungu. Benki kadhaa zilianguka katika miaka ya 1980 na 1990 na kuacha wateja wakihangaika kwa miaka. Kisha, mwaka 2006 na 2007, ikaja mifumo ya piramidi iliyoahidi kuzidisha pesa kwa miezi michache, ikameza akiba za walimu, wakulima na vikundi vya wanawake. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. M-Pesa ilizinduliwa tarehe 6 Machi 2007, wakati majeraha ya piramidi yalikuwa bado mabichi.

Pima sasa mzigo wa imani aliotakiwa kuubeba mteja wa kwanza. Aiamini kampuni kwamba haitaila pesa yake. Amwamini mwenye duka kwamba atamwekea kiasi alichompa, si pungufu. Auamini mtandao kwamba hautapoteza kitu njiani. Amwamini mwenye duka mwingine, huko kijijini, kwamba mkewe au mama yake akifika atapewa noti. Na ajiamini mwenyewe na namba ya siri ambayo hajawahi kuwa nayo maishani. Tangazo la redio haliwezi kuubeba mzigo huo.

Kikundi cha Thika kilichowafundisha wakubwa

Mradi ulianza na wazo dogo zaidi. Nick Hughes wa Vodafone, kampuni ya simu ya Uingereza, aliomba fedha kutoka mfuko wa serikali ya Uingereza wa kusaidia huduma za kifedha, akapata karibu pauni milioni moja, na Vodafone ikaongeza za kwake. Lengo lilikuwa kuwawezesha wakopaji wadogo kurejesha mikopo yao kwa simu. Kwa hiyo Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya ambayo Vodafone ilikuwa na hisa ndani yake, ikashirikiana na Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, pamoja na Commercial Bank of Africa iliyoshika pesa zenyewe. Oktoba 2005 majaribio yakaanza kwa maduka manane tu na wateja wa Faulu mia kadhaa, Nairobi na Thika.

Mikopo ya Faulu ilisimama juu ya kikundi. Wanachama walikutana kila wiki, kila mmoja akileta rejesho lake mbele ya wenzake, na wenzake ndio wadhamini wake. Asiyeleta alionekana, na siku hiyo hiyo wakaanza kuulizana. Simu ilipoingia, baadhi ya wanachama wakaona hakuna haja ya kuja kukaa kwenye benchi: rejesho limeshatumwa, kuna biashara ya kusimamia. Faulu ikaingiwa na wasiwasi, na ulikuwa wasiwasi wa haki. Kile kikao kilichoonekana ni kupoteza muda ndicho kilichokuwa kinashikilia mikopo yote. Ukiondoa watu kukutana ana kwa ana, unabaki na orodha ya majina yasiyodaiana chochote. Kulikuwa pia na tatizo la vitabu, kwa kuwa hesabu za M-Pesa na hesabu za Faulu hazikuzungumza, na wafanyakazi walilazimika kuzioanisha kwa mkono.

Wakati huo huo wateja walianza kufanya mambo ambayo hayakupangwa. Mwenye biashara aliweka mauzo ya siku kwenye simu jioni, baada ya benki kufunga, ili asilale na pesa nyumbani. Anayesafiri kati ya miji ya majaribio aliweka pesa anakotoka na kuitoa anakokwenda, mfuko wake ukiwa mtupu njia nzima. Wengine waliwanunulia jamaa zao wa mashambani muda wa maongezi. Wengine walimlipia mwenzao rejesho, naye akawalipa kwa namna nyingine.

Waendeshaji wa mradi wangeweza kuwaambia wateja kwamba wanaitumia huduma vibaya. Walifanya kinyume: waliangalia, wakauliza, wakaubadilisha mradi wenyewe. Huduma ilipozinduliwa nchi nzima, mikopo haikuwa tena kiini chake. Ujumbe ukawa mmoja, unaoeleweka na kila mtu mwenye jamaa mashambani: tuma pesa nyumbani. Nasisitiza hatua hii kwa sababu wengi wanaozungumzia uhusiano wa kibiashara huanza na jinsi ya kumshawishi mteja. Hapa mteja ndiye aliyesikilizwa kwanza, na ahadi ikatengenezwa kutokana na kitu alichokuwa tayari anakifanya. Ahadi ya namna hiyo ni rahisi kuitimiza.

Kufungwa mikono kwa hiari

Upande wa pili wa kazi ulifanyika mbali na macho ya wateja. Kenya wakati huo haikuwa na sheria inayohusu pesa za simu. Kampuni nyingine ingeichukua hali hiyo kama mlango ulio wazi: hakuna sheria, basi hakuna wa kutuzuia. Safaricom na Vodafone zilikwenda Benki Kuu mapema, wakati wa majaribio, na zikaendelea kurudi na majibu ya maswali.

Swali kubwa lilikuwa moja: je, hii ni benki? Benki huchukua amana za watu na kuzikopesha wengine. Jibu lililopatikana lilikuwa la utaratibu, na lilieleweka. Kila shilingi iliyoonekana kwenye simu ya mteja ilitakiwa kuwa na shilingi halisi iliyolala benki, kwenye akaunti ya amana iliyoshikwa na mdhamini kwa niaba ya wateja. Safaricom haikuruhusiwa kuigusa pesa hiyo, kuikopesha, wala kula riba yake. Kampuni ikianguka kesho, wadai wake wasingekuwa na haki nayo, kwa kuwa haikuwa mali ya kampuni. Kwa msingi huo, mwanzoni mwa 2007 Benki Kuu ilitoa barua ya kutopinga huduma kuanza.

Fikiria mfanyabiashara anayeshika mamilioni ya watu wengine na anakubali kutoyafanyia biashara hata kidogo. Ni hasara ya wazi, kwa sababu pesa iliyolala ingeweza kumzalia. Lakini kikwazo hicho ndicho kilichoipa Benki Kuu kitu cha kusimamia: kiasi kilichoko kwenye simu zote na kiasi kilichoko benki vilitakiwa kulingana, na mtu yeyote mwenye ruhusa angeweza kulinganisha. Kukagua hakukuhitaji kuamini neno la mtu.

Viwango pia viliwekwa chini. Muamala mmoja haukuruhusiwa kuzidi shilingi 35,000, na salio la mteja halikuruhusiwa kuzidi 50,000. Kwa tajiri hizo ni pesa ndogo. Kwa mdhibiti, maana yake ni kwamba jambo likiharibika, litaharibika kwa kiwango kinachohimilika.

Kwenye kaunta

Sasa twende dukani, maana hapa ndipo kisa kilipoamuliwa.

Mteja anafika na kitambulisho. Anajaza fomu, anabadilishiwa laini kwa nyingine yenye menyu ya M-Pesa, anachagua namba ya siri. Kisha anatoa, tuseme, shilingi 500 na kusema anataka kuweka. Wakala, yaani mwenye duka anayetoa huduma, anazihesabu mbele yake, anabonyeza simu yake ya duka, wote wawili wanangoja. Simu mbili zinalia. Ya mteja inaonyesha kiasi kilichowekwa, namba ya muamala, tarehe, saa na salio jipya. Ya wakala inaonyesha jina la mteja. Wakala anafungua daftari kubwa lililoko kaunta, anaandika tarehe, namba ya muamala, kiasi, namba ya simu, jina na namba ya kitambulisho, kisha anamgeuzia mteja daftari atie sahihi.

Mali bila daftari huisha bila habari, na wateja hawa wamelijua hilo tangu utotoni. Daftari la karatasi halikuwa la lazima kwa kompyuta za Safaricom, ambazo zilikuwa na kumbukumbu zote. Lilikuwa la lazima kwa mteja. Kwa kusaini, na yeye alikuwa sehemu ya kumbukumbu. Na ile kanuni aliyofundishwa, kwamba asiondoke kaunta kabla ujumbe haujaingia, ilimpa madaraka ambayo kwenye dirisha la benki hajawahi kuwa nayo: yeye ndiye anayesema kazi imekwisha.

Jambo jingine lilikuwa limejificha kwenye mpangilio wenyewe. Pesa ya simu anayoipata mteja anapoweka inatoka kwenye floti ya wakala, yaani akiba yake ya pesa ya simu, ambayo aliinunua kwa pesa zake taslimu kabla hajahudumia mtu yeyote. Maana yake ni kwamba wakala hamshikii mteja pesa. Wanabadilishana mali kwa mali, papo hapo. Wakala akifunga duka usiku na kutoroka, pesa ya mteja haiko naye. Wateja wengi hawakuelezwa hili kwa maneno, na hawakuhitaji kuelezwa. Waliona kwamba hata wakiweka duka hili, wanaweza kutoa duka la pili mtaa wa jirani, na duka la tatu mkoa mwingine.

Na ada? Kuweka kulikuwa bure. Kutuma kwa aliyejiandikisha kulikuwa shilingi 30, kiasi chochote kile. Kutoa, kwa viwango vya chini, shilingi 25. Ada hizo zilikatwa na mfumo kutoka kwenye salio la mteja, na bei zilibandikwa ukutani, sawa nchi nzima. Wakala hakushika ada mkononi. Yeyote aliyewahi kusimama mbele ya dirisha la ofisi na kuambiwa kuna "kitu kidogo" ataelewa uzito wa jambo hili. Ukiondoa nafasi ya mtu kujipangia bei, umeondoa chanzo kikubwa cha kutiliana shaka kati yake na mteja, na umemlinda hata wakala mwaminifu asidhaniwe mwizi.

Hata hivyo watu walijaribu kwanza. Watafiti waliokaa Kibera katika miaka hiyo waliona wateja wapya wakiweka kiasi kidogo na kukitoa muda mfupi baadaye, kuona tu kama kweli kitatoka. Mume akituma nyumbani alipiga simu: imefika? Mke akaenda dukani, akarudi na noti, akapiga kuthibitisha. Safari ya pili mume alituma zaidi. Naamini hapa ndipo penye nguvu ya kisa chote. Mteja alipewa nafasi ya kuijaribu huduma kwa bei ndogo, kwa pesa ambayo hata ikipotea yeye halali njaa, na akapewa jibu siku hiyo hiyo. Biashara nyingi humtaka mteja aamini jambo kubwa mara moja, kwa mkataba wa mwaka mzima au malipo ya awali ya nusu bei, kisha hushangaa anaposita.

Aliyekuwa hajajiandikisha naye aliwekewa mlango. Angeweza kupokea pesa kwa ujumbe wenye namba maalumu na kuitoa bila kukatwa chochote. Aliyetuma ndiye aliyelipa zaidi, shilingi 75 badala ya 30 kwa kiwango cha kawaida. Bibi wa kijijini hakutakiwa kuamini kitu ili apokee. Alipokea kwanza. Kujiandikisha kulikuja baadaye, mara nyingi kwa shinikizo la mtumaji aliyechoka kulipa ada kubwa.

Siku floti inapoisha

Ningekuwa natia chumvi nikisema mambo yote yalikwenda sawa. Palipovuja pakubwa palikuwa kwenye noti zenyewe.

Mjini watu wengi huweka, vijijini wengi hutoa. Kwa hiyo wakala wa mjini hujikuta na droo iliyojaa noti na floti iliyokauka, na wa kijijini hujikuta na floti tele na droo tupu. Mama anafika na ujumbe wa shilingi 3,000 kutoka kwa mwanawe, ametembea saa nzima, na anaambiwa: leo hakuna pesa, rudi kesho. Kwake yeye maelezo kuhusu floti hayana maana. Alichokisikia ni kwamba pesa yake haipo. Tukio moja la namna hiyo linaweza kufuta kazi ya miezi.

Wakala naye alikuwa na mtihani wake. Ili apate noti alitakiwa kufunga duka, apande matatu hadi mji wenye benki, apange foleni, na arudi amebeba pesa ambazo kila jirani anajua amekwenda kuzifuata. Hatari hiyo ilikuwa yake, na gharama ilikuwa yake.

Safaricom ilijibu kwa namna kadhaa. Mwanzoni ilipendelea mawakala wenye maduka zaidi ya moja, ili mwenye duka la mjini na la kijijini aweze kuhamisha noti kutoka linakofurika kwenda linakokauka. Baadaye matawi ya benki yakapewa kazi ya kuwauzia mawakala floti na noti. Kampuni ya nje, Top Image, ilikodiwa kuwafundisha mawakala na kuwatembelea mara kwa mara: je, kuna floti, daftari limejazwa, bei imebandikwa, duka limepakwa rangi ya kijani inavyotakiwa? Ukaguzi huu uliwaudhi baadhi, lakini ulifanya duka la Lodwar lifanane na la Mombasa, na mteja aliyehama mji hakuanza kuamini upya.

Suluhisho bora kuliko yote, kwa maoni yangu, halikuandikwa kwenye mkataba wowote. Mawakala wazuri walijenga mahusiano na wafanyabiashara wa jirani. Wakala anamjua mwenye bucha, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mwenye matatu. Jioni anawaomba waje waweke mauzo yao kwake badala ya kulala nayo. Wao wanapata usalama, yeye anapata noti za kuwapa wanaotoa kesho asubuhi. Anajua siku ya gulio na siku ya mishahara ya walimu, na anajiandaa. Mteja wake wa kudumu anampigia simu kabla ya kutoka nyumbani: kuna elfu kumi? Wakala anamjibu ukweli. Ukimjibu "hakuna, njoo saa nane", umemnyima pesa ya asubuhi lakini umemwokolea safari, na huyo atarudi kwako siku zote.

Mapema 2008 mahusiano haya yalipimwa kwa namna ambayo hakuna aliyeitaka. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 Kenya iliingia katika ghasia. Barabara zilifungwa, maduka na benki yakafunga milango kwa siku kadhaa katika sehemu nyingi, watu wakanaswa mitaani bila chakula. Aliyekuwa na jamaa mwenye M-Pesa aliweza kupata pesa au muda wa maongezi bila mtu kusafiri. Huduma haikubuniwa kwa ajili ya msiba, lakini aliyesaidiwa nayo wakati ule hakuhitaji tena tangazo.

Desemba ilipofika

Ukiyaweka haya yote pamoja, agizo la Michuki linaonekana kwa sura nyingine. Vyombo vya habari viliripoti kwamba baadhi ya benki ndizo zilizokuwa zikishinikiza huduma ichunguzwe, na si ajabu: kampuni ya simu ilikuwa imewapata, kwa muda mfupi, wateja ambao benki hazikuwajali kwa miaka.

Lakini mkaguzi alikuta nini? Alikuta akaunti ya amana ambayo tangu siku ya kwanza ilikuwa imepangwa ili ikaguliwe. Alikuta Benki Kuu, chini ya gavana Njuguna Ndung'u, ambayo haikuwa inaisikia M-Pesa kwa mara ya kwanza magazetini. Taasisi ambayo Safaricom ilikuwa imeizoea kwa mazungumzo ya muda mrefu ndiyo iliyosimama mbele ya umma na kusema huduma ni salama. Michael Joseph, mkurugenzi mkuu wa Safaricom wakati ule, angeweza kuitisha mikutano ya waandishi kila siku na asingepata uzito wa neno hilo moja, kwa sababu yeye ni mwenye mali anayeisifu mali yake.

Na wateja? Wao walikuwa na ushahidi wao. Kila mmoja alikuwa ameshatoa pesa mara nyingi, kwenye maduka tofauti, na imetoka. Aliyeshtuka na habari ya redio aliweza kwenda dukani, kutoa shilingi mia, kuipata, na kurudi nyumbani. Zipo benki zilizowahi kuangushwa na wateja ambao hawakuwa na njia ya kujua lolote isipokuwa kwa kukimbia.

Mahali ambapo kisa hakikujirudia

Huduma yenye jina lile lile, chini ya kundi lile lile la Vodafone, ilizinduliwa Tanzania na Vodacom mwezi Aprili 2008. Zaidi ya mwaka mmoja baadaye ilikuwa na wateja wasiofika laki 3, wakati Safaricom katika muda kama huo ilikuwa imepita milioni 2. Sababu zilikuwa nyingi. Tanzania ni kubwa zaidi na watu wake wametawanyika. Vodacom haikuwa na sehemu kubwa ya soko kama Safaricom. Lakini kubwa ilikuwa mtandao wa mawakala: maduka machache, yaliyo mbalimbali, mengine hayana floti. Mteja alijaribu mara moja, hakumkuta wakala upande wa pili, akaacha. Mambo yalibadilika Vodacom ilipowatumia watu wa kati wanaozunguka mitaani kutafuta mawakala, kuwafundisha na kuwasaidia floti. Hapo wateja wakafika mamilioni.

Afrika Kusini huduma ilizinduliwa 2010 kwa matumaini ya kupata wateja milioni 10 katika miaka mitatu. Ilifungwa Juni 2016. Watu wengi kule walikuwa tayari na akaunti za benki na hawakuwa na shida ambayo M-Pesa iliitatua Kenya. Jina lenye sifa halikusaidia kitu. Imani iliyojengwa Thika na Kibera haikuweza kusafirishwa kwa tangazo hadi Johannesburg.

Deni lililobaki kwa wakala

Kuna upande mmoja wa uhusiano huu ambao sijaridhika nao, na sidhani mchambuzi wa kweli anaweza kuuruka. Mteja alilindwa kwa akaunti ya amana, Benki Kuu ililindwa kwa viwango na taarifa, na Safaricom ililindwa kwa mpangilio ambao floti hulipiwa kabla. Wakala ndiye aliyebeba kilichobaki. Mtaji ni wake, noti bandia ikiingia ni yake, tapeli akimletea ujumbe wa kughushi hasara ni yake, mwizi akija usiku anakuja kwake. Na kwa miaka mingi mkataba ulimkataza kuuza huduma ya pesa ya kampuni shindani.

Kizuizi hicho kiliondolewa Julai 2014, baada ya Airtel, kampuni shindani ya simu, kulalamika kwa mamlaka ya ushindani. Kufikia wakati huo mawakala walikuwa makumi ya maelfu, na ndio waliokuwa wanajulikana kwa majina na wateja. Mimi naona walistahili uhuru huo mapema zaidi. Safaricom ilimfunga wakala kwa maandishi, ilhali mteja wake ilimshika kwa huduma tu, bila mkataba wa kumzuia kwenda kwingine. Wakala alikuwa amethibitisha uaminifu wake kila siku, mbele ya daftari na sahihi, na angeweza kuaminiwa kwamba atabaki kwa sababu biashara inamlipa.